Joto Huenda Wapi Sufuria Inapochemka?

Kila mwezi wakulima wa skimu huleta maswali katika afisi za kilimo. Huyu huuliza kwa nini maziwa yake ya jioni yamerudishwa kituoni. Yule huuliza kwa nini viazi vyake vya bondeni vimechomwa na baridi, na vya mtelemkoni vimesalimika. Mama mmoja huuliza kwa nini samli imeungua ghafla, na mwingine kwa nini maharagwe hayaivi upesi huku Kinangop kama yaivavyo Mombasa. Kila mwulizaji hudhani swali lake ni la peke yake. Lakini ukiyachimba maswali hayo utakuta yote yana mzizi mmoja, nao ni namna joto linavyoingia katika kitu na namna linavyotoka.

Kwanza yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya. La kwanza ni joto lenyewe. La pili ni kipimo cha joto, yaani ile hesabu ya digrii isomwayo katika kipimajoto. Tazama kijiko kimoja cha maji yachemkayo, na kando yake pipa zima la maji vuguvugu. Kijiko kina digrii nyingi kuliko pipa. Lakini ukitaka kuwaogesha watoto asubuhi ya baridi, pipa ndilo litakalokufaa, kwa kuwa ndani yake mna joto jingi zaidi, ijapokuwa digrii zake ni chache. Digrii hueleza ukali wa joto tu. Hazielezi wingi wake.

Wingi wa joto nao una kipimo chake. Wataalamu hukiita kilokalori, nacho ni joto la kutosha kuipandisha lita moja ya maji digrii moja ya sentigredi. Katika makala haya nitakiita fungu moja la joto, kama vile mama sokoni agawavyo nyanya kwa mafungu. Basi ukitaka kuitoa lita moja ya maji ya mtoni kutoka digrii 15 hadi 16, unalipa fungu moja. Kutoka 15 hadi 20, mafungu matano. Hesabu hii ni rahisi, na mwanao wa darasa la nne ataweza kukusaidia.

Vitu vingine havidai sana. Kilo moja ya chuma huhitaji karibu sehemu moja ya tisa tu ya fungu ili ipande digrii moja. Ndiyo maana jembe lililoachwa juani saa sita mchana hukuunguza mkono, na maji yaliyo katika karai karibu nalo bado ni baridi, ingawa jua ni lile lile. Maji ni mlaji mkubwa wa joto, na akishalipata halitoi upesi. Kumbukeni jambo hili, maana tutakapofika kwenye viazi tutalihitaji.

Mahali digrii zinaposimama

Sasa fanyeni jaribio dogo. Tieni lita mbili za maji katika sufuria, mziweke jikoni, mkatumbukize kipimajoto kifikacho digrii 100. Maji yatapanda 20, 40, 60, 80. Huku Kinangop yafikapo kama 92 yataanza kuchemka kwa nguvu, na hapo mtaona jambo la ajabu: kipimajoto kimesimama. Ongeza kuni, puliza moto mpaka sufuria irukeruke, kipimajoto hakisongi. Moto unawaka, kuni zinakwisha, joto linaingia katika sufuria kila dakika, lakini digrii haziongezeki hata moja. Je, joto hilo linakwenda wapi?

Ili kujibu, fikirini juu ya ng'ombe. Maji yamefanyika kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Katika barafu, chembe hizo ni kama ng'ombe waliofungwa kila mmoja kwenye kigingi chake: hutikisika, lakini hawaondoki mahali pao. Katika maji, ni kama ng'ombe waliofunguliwa kamba lakini wamo bomani: husukumana na kupitana, ila hawatengani. Katika mvuke, boma limevunjwa na kila ng'ombe amekimbilia upande wake malishoni. Joto likiingia katika kitu lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuzifanya chembe zitikisike kwa nguvu zaidi, na hiyo ndiyo tunayoisoma kama digrii. Kazi ya pili ni kukata kamba na kuvunja boma. Joto lifanyapo kazi hiyo ya pili halionekani katika kipimajoto, kwa kuwa limetumika lote katika kuvunja.

Mtu wa kwanza kuieleza habari hii vizuri alikuwa Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow katika nchi ya Scotland, karibu na mwaka 1761. Alitundika vyombo viwili vya kioo katika chumba kimoja kikubwa, kimoja kina maji yaliyo baridi karibu kuganda, na cha pili kina barafu ya uzito ule ule. Maji yalichukua nusu saa kupanda digrii nne hivi. Barafu ilichukua saa kumi na nusu kuyeyuka na kufika pale pale. Chumba ni kimoja, joto la chumba ni moja, tena lilikuwa likiingia katika vyombo vyote viwili kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo Black akaona kwamba barafu ilikuwa imemeza joto jingi bila kuonyesha digrii yo yote. Akaliita joto lililofichika.

Tangu wakati huo joto hilo limepimwa kwa uangalifu, na hesabu mbili zafaa kuandikwa ukutani. Kuiyeyusha kilo moja ya barafu kwataka mafungu 80, na maji yanayopatikana bado ni ya digrii 0. Kuigeuza lita moja ya maji yachemkayo kuwa mvuke kwataka karibu mafungu 540. Linganisheni mafungu hayo na yale 77 tu yaliyotosha kuyatoa maji kutoka digrii 15 hadi 92. Yaani kuikausha lita moja ya maji yaliyokwisha kuchemka ni gharama mara saba ya kuichemsha.

Tena joto hilo halipotei. Mvuke ukigeuka kuwa maji hulirudisha lote, fungu kwa fungu. Kwa sababu hiyo mvuke wa sufuria humchoma mtu vibaya kuliko maji yachemkayo ya digrii zile zile, na yafaa watoto wafundishwe kufunua sufuria kwa kuinua ule upande wa ufuniko ulio mbali nao.

Kuni za githeri

Nimesema maji ya Kinangop huchemka kwenye digrii 92. Wengine waliosoma vitabu vya shule watashangaa, maana vitabu husema 100. Vitabu havikukosea, bali vinazungumza juu ya pwani. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, na uzito huo huyakandamiza maji yasiruke kuwa mvuke. Kadiri tupandavyo mlima hewa iliyobaki juu yetu hupungua, na maji huvunja boma mapema. Kwa kukisia, kila mita 300 za kupanda hupunguza digrii moja. Mombasa maji huchemka kwenye 100, Nairobi kama 94, na Kinangop, karibu mita 2,500 juu ya bahari, kama 92.

Maharagwe huivishwa na digrii, si na mapovu. Maji yanayochemka kwa kishindo kwenye digrii 92 hayana ukali kuliko maji yanayochemka polepole kwenye digrii 92. Kwa hiyo mtu aongezaye kuni chini ya githeri iliyokwisha kuchemka haharakishi kitu. Anachofanya ni kununua mvuke, naye anaununua kwa bei ya mafungu 540 kwa kila lita, kisha anaongeza maji baridi na kuanza kulipa upya. Afadhali githeri ikishachemka moto upunguzwe mpaka mapovu yaonekane moja moja, ufuniko ukae imara, na jiwe safi liwekwe juu yake. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha hupunguza saa za jikoni sana. Na mwenye sufuria ya presha ana faida kubwa zaidi huku mlimani kuliko mtu wa pwani, kwa sababu sufuria hiyo huufungia mvuke ndani ukandamize maji, na digrii hupanda kupita 100.

Wengine huuliza kama digrii 92 zatosha kuyafanya maziwa kuwa salama. Zatosha. Viwandani maziwa hupashwa digrii 63 kwa muda wa dakika 30, au digrii 72 kwa sekunde 15, na vijidudu vya kifua kikuu na vya ugonjwa wa kutupa mimba hufa. Maziwa yaliyochemka kweli kweli, hata juu ya mlima, yamepita vipimo hivyo.

Maziwa ya jioni

Hapa ndipo penye fedha, basi tutakaa kidogo.

Maziwa hutoka kwenye chuchu yakiwa na digrii 38 hivi. Hilo ndilo joto wanalolipenda vijidudu vichachushavyo maziwa. Katika maziwa yaliyobaki na joto, kijidudu kimoja chaweza kuwa viwili kwa muda wa nusu saa, na hao wawili wakawa wanne. Ukifuata hesabu hiyo tangu saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kijidudu kimoja kimezaa zaidi ya 16,000,000. Asubuhi karani wa kituo huyachanganya maziwa kidogo na spiriti, yakiganda huyakataa, na mkulima hurudi nyumbani na debe lake zito kama alivyokwenda. Ng'ombe amekula, mkamuaji ameamka mapema, na hapana senti iliyoingia. Si kosa la karani. Maziwa yale yaliharibika saa tatu usiku, wakati watu wote wamelala.

Dawa ni kuyatoa joto upesi. Tuchukue debe la alumini lenye lita 20 za maziwa ya digrii 38, nasi twataka yashuke hadi 18. Kilo moja ya maziwa hudai pungufu kidogo ya fungu moja kwa kila digrii, kwa hiyo jumla ya joto la kuondoa ni kama mafungu 370. Lazima mafungu hayo yaende mahali fulani. Hayawezi kutoweka kwa kumwachia Mungu na baridi ya usiku, kwa maana hewa tulivu ni mpokeaji mbaya sana wa joto.

Wakulima wengi huliweka debe katika karai la maji, nao hudhani kazi imekwisha. Tazameni hesabu. Tuseme karai lina lita 20 za maji ya digrii 14. Maziwa hutoa joto, maji hupokea, mpaka yote mawili yawe na digrii sawa; nayo yatasawazika kwenye 26 hivi. Digrii 26 bado ni neema kwa vijidudu, na karai lile halina msaada tena hata ukiliacha mpaka alfajiri. Lakini ukiyamwaga maji hayo na kutia mengine lita 20 ya digrii 14, maziwa yatashuka karibu na 20. Ukibadili mara ya pili, yatafika kama 17. Karai moja lililobadilishwa maji mara mbili limefanya kazi ambayo karai lisilobadilishwa halitaifanya usiku kucha. Maji yaliyotolewa wapewe ng'ombe wanywe, yamepata uvuguvugu na watayafurahia.

Ikiwa una mfereji upitao karibu na boma, jenga hodhi ndogo ya saruji maji yaingie chini upande huu na kutoka juu upande ule. Maji yazidi kimo cha maziwa yaliyo ndani ya debe, lakini yasifikie mdomo. Koroga maziwa mara kwa mara kwa chombo cha chuma kilichooshwa kwa maji ya moto, maana maziwa ya katikati ya debe hukaa na joto lake yasipokorogwa. Na debe liwe la alumini au la chuma kisichoshika kutu. Jerikeni ya plastiki hupitisha joto polepole sana, tena pembe zake hazisafishiki. Mtu aniambiaye kwamba jerikeni ni rahisi kununua namjibu kwamba ndiyo, na ni rahisi kurudishiwa.

Mahali penye barafu hesabu hubadilika kabisa. Kila kilo ya barafu humeza mafungu 80 kwa kuyeyuka tu, kisha maji yake humeza mengine 18 kwa kupanda hadi digrii 18. Kwa hiyo kilo nne za barafu zatosha kumaliza mafungu 370 ambayo yalihitaji lita 60 za maji ya mto. Barafu hiyo huwekwa nje ya debe, ndani ya karai. Mtu atiaye barafu ndani ya maziwa ametia maji katika maziwa, na laktomita haitamsikiliza ajielezapo.

Wengi wetu hatuna barafu. Lakini tuna gunia, na gunia lililolowa ni mashine ya kupoza isiyo na injini. Maji si lazima yachemke ndipo yawe mvuke. Nguo iliyoanikwa hukauka hata siku isiyo na jua, maana chembe zenye nguvu zaidi huruka moja moja kutoka juu ya maji, na kila lita irukayo hivyo hudai karibu mafungu 580, pale pale, kutoka katika kitu kilicho karibu. Ndiyo sababu mtu atokaye mtoni huona baridi upepo ukimpiga, na ndiyo sababu jasho hutupoza. Mzungushie debe gunia lililolowa, miguu ya gunia iwe ndani ya karai la maji ili liendelee kunyonya, uliweke debe kivulini mahali penye upepo. Kwa hesabu tupu, theluthi mbili za lita moja zikikauka zingeweza kuchukua mafungu yote 370. Kwa kweli utahitaji zaidi, kwa kuwa gunia halichukui joto kutoka kwa maziwa tu, huchukua pia kutoka kwa hewa.

Kabati la makaa lafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Hujengwa kuta mbili za waya wenye matundu, nafasi iliyo katikati hujazwa makaa, na maji hudondoka polepole kutoka juu. Makaa yana vitundu vingi, hushika maji mengi na kuyapitisha upepo. Maziwa, mboga na mayai hukaa humo vizuri. Lakini mjue mpaka wake. Kabati hili na gunia hupenda hewa kavu. Katika mwezi wa Julai, ukungu unapokaa Kinangop mpaka saa tano, hewa imeshiba mvuke na haitaki kupokea zaidi, na gunia hubaki limelowa bila kupoza. Mwezi huo tegemeeni maji ya mto, nayo kwa bahati njema ndipo yanapokuwa baridi zaidi.

Samli na mahindi

Habari ya samli ni fupi. Siagi ina maji ndani yake, kama sehemu moja ya sita. Ukiiweka motoni huyeyuka, kisha huanza kulia na kutoa mapovu. Sauti hiyo ni maji yanayovunja boma, na wakati wote yalipo, joto la sufuria hutumika kuyageuza mvuke, nayo siagi haipandi sana kupita kipimo cha kuchemka maji. Mpishi hudanganyika kwamba moto ni wa kiasi. Maji yakiisha, sauti hunyamaza, na sasa joto lote halina kazi nyingine ila kupandisha digrii. Kwa dakika chache tu samli huruka kwenda 120, 140, ikawa nyeusi. Kwa hiyo sikilizeni kwa masikio. Sauti ikianza kufifia, punguzeni moto, ikinyamaza, epueni.

Maua ya pareto hukauka kwa kanuni hiyo hiyo. Ua likiwa bado na maji hujilinda, lakini likishakauka joto lile lile huanza kuharibu nguvu ya dawa iliyomo. Moto wa mwisho wa kaushio uwe mdogo kuliko wa mwanzo.

Na mahindi? Tuseme umevuna kilo 100 zenye maji sehemu 25 katika kila 100, nawe wataka uyafikishe kwenye sehemu 13.5, kipimo kinachotakiwa ghalani. Yakupasa uondoe zaidi ya kilo 13 za maji. Hayo ni mafungu kama 7,700, sawa na joto la kuchemsha lita 100 za maji kwa kuni. Jua hutoa joto hilo bure, ila hutaka nafasi na upepo. Tandaza mahindi membamba juu ya turubai, yageuze, na yafunike kabla ya umande, kwa sababu umande ni mvuke unaorudi kuwa maji juu ya kazi yako. Mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa mabichi huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Usiku wenye nyota nyingi

Sakitu huja usiku usio na mawingu wala upepo, hasa Januari na Februari. Ardhi hutoa joto lake kuelekea angani usiku kucha. Wingu likiwapo hulirudisha sehemu kama blanketi. Lisipokuwapo, joto huenda zake. Hewa iliyogusa ardhi hupoa, nayo hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka mtelemko kama maji na kujikusanya bondeni. Asubuhi viazi vya bondeni ni vyeusi, kwa kuwa maji yaliyo ndani ya jani yameganda na kuivunja nyama ya jani, na vya jirani aliye mita chache juu yake ni vya kijani. Watu hunong'ona mengine, lakini ni mwendo wa hewa tu. Shamba lililo bondeni lipandwe kitu kinachovumilia baridi, kama kabichi au majani ya ng'ombe, na viazi vipande juu kidogo.

Udongo uliolowa husaidia, maana maji yaliyomo yameweka joto la mchana na hulitoa polepole usiku. Anayeweza kunyunyiza afanye hivyo jioni, kabla ya usiku anaouogopa. Wenye mifereji mikubwa ya kunyunyizia hufanya zaidi: hunyunyiza usiku kucha, na majani huvikwa barafu. Jambo hili huonekana kama wazimu, lakini kila lita iganda­yo juu ya jani hurudisha yale mafungu 80 yaliyofichika, na jani hukaa kwenye digrii 0 bila kushuka chini zaidi. Sharti ni moja: asiyeweza kuendelea mpaka barafu iyeyuke asubuhi asianze, kwa sababu akikatiza, maji yaliyobaki hukauka na kuchukua joto la jani, akawa ameongeza hasara. Kuwasha moshi shambani, kama wengine wafanyavyo, kuna faida ndogo. Moshi haushiki joto kama wingu.

Mtungi wa bwana wa A.I.

Kuna chombo kimoja ambacho wakulima wengi wamekiona na wachache wamekielewa, nacho ni ule mtungi wa afisa wa A.I. ambamo hutunzwa mbegu za fahali kutoka kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946, au kutoka ng'ambo. Ndani yake mna naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayoivuta, lakini imepozwa mpaka ikawa majimaji. Naitrojeni huchemka kwenye digrii 196 chini ya sifuri. Ndiyo, mtungi ule unachemka, polepole, daima, hata ukiwa umetulia juu ya pikipiki. Ule moshi mweupe utokao ufuniko ukifunguliwa si naitrojeni yenyewe, kwa kuwa haina rangi. Ni mvuke wa hewa yetu ya kawaida unaogeuka ukungu kwa baridi.

Sasa mtaona uzuri wake. Joto la nje hupenya kidogo kidogo kuta za mtungi, lakini lote hutumika kuigeuza naitrojeni kuwa gesi, na digrii husimama pale pale, kama sufuria yetu ilivyosimama kwenye 92. Wiki ya kwanza au ya tatu, mbegu zimo katika baridi ile ile. Lakini majimaji yakiisha, kama maji ya samli yalivyokwisha, digrii huanza kupanda, na mbegu hufa bila kuonyesha alama yo yote. Afisa huja, ng'ombe huhudumiwa, ada hulipwa, na baada ya siku 21 ng'ombe hulia tena. Hapana ubaya mkulima kumwuliza afisa kwa heshima kama naitrojeni yatosha. Afisa mwangalifu hupima kwa kijiti mbele ya mwenye ng'ombe: hukitumbukiza mpaka chini, hukitoa na kukipungapunga hewani, na utando mweupe hujitokeza kuonyesha kimo cha majimaji. Kijiti hicho kiwe kigumu kisicho na tundu. Akitumia mrija, naitrojeni huchemka ndani yake ghafla na kuruka juu kama chemchemi mpaka usoni.